Kuoanisha nyuga: namna ya kuhamisha rekodi bila kupotosha maana yake

Kitenzi *oanisha* kina maana ya kuvifanya vitu viwili viende pamoja kwa kuwa vinafaana: sauti na ala, maneno na matendo. Katika utunzaji wa data kitenzi hiki kimepata kazi mahususi. Rekodi zinapotolewa katika jedwali moja na kupelekwa katika hifadhidata nyingine, mhamishaji hana budi kuamua kila uga wa jedwali la kwanza utaingia katika uga upi wa jedwali la pili. Uamuzi huo ndio uoanishaji wa nyuga. Makala hii inaeleza mahali ambapo uamuzi huo hukosewa, hasa kwa data zilizoandikwa kwa Kiswahili au kwa desturi za Waswahili, yaani orodha za maneno, daftari za wagonjwa, rejista za wanafunzi na za wanachama.

Kwanza istilahi, maana zenyewe zimo katika tatizo. *Uga* (wingi: nyuga) kwa asili ni uwanja, mahali peupe palipozungukwa na nyumba. Katika kompyuta ni nafasi moja ndani ya rekodi iliyotengewa habari ya aina moja, na *rekodi* ni jumla ya nyuga zinazohusu mtu mmoja, neno moja au tukio moja. *Hifadhidata* na *kanzidata* hutumiwa kwa maana ile ile. Neno linalohitaji hadhari ni *safu*. Tunaposema safu ya milima au safu ya askari tunataja vitu vilivyopangwa mstari mmoja, bila kujali mstari huo umelala au umesimama. Programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hutofautisha *safu wima* na *safu mlalo*, lakini watumiaji wengi huiacha sifa na kusema safu tu. Basi agizo kama “futa safu ya tano” kwa msomaji mmoja ni kufuta uga wa tarehe ya kuzaliwa, na kwa mwingine ni kumfuta mtu. Twapendekeza sifa itajwe kila mara, au yatumike maneno *uga* na *rekodi*, ambayo hayana utata huo.

Vivyo hivyo *kuingiza data* hutumika kwa kuziandika kwa mkono na pia kwa kuzileta zote kwa mpigo kutoka katika faili. Hapa tutatumia *kuhamisha* kwa maana ya pili.

Jina la uga si maana yake

Programu nyingi za kuhamisha hujaribu kuoanisha nyuga zenyewe kwa kulinganisha vichwa vya safu wima. Zikikuta “jina” upande huu na “jina” upande ule, huziunganisha na kumwonyesha mtumiaji alama ya kukubali. Msaada huu ni wa kweli, ila mashine hulinganisha herufi tu. Haijui kwamba “jina” la jedwali la kwanza ni jina kamili la mtu na “jina” la jedwali la pili ni jina lake mwenyewe pasipo la baba.

Kosa la uoanishaji huweza kuishia katika mojawapo ya hali tatu. Hifadhidata yaweza kuikataa rekodi. Hiyo ndiyo hali njema kuliko zote, kwa kuwa mtu huarifiwa. Yaweza kuipokea na kuikata, kwa mfano kubakiza herufi 20 za kwanza za jina refu. Au yaweza kuipokea nzima huku imeipa maana nyingine. Hali ya tatu ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu ripoti itasema kazi imefanikiwa, na hitilafu itaonekana miezi mingi baadaye, baada ya watu kuziamini data hizo na kuzitendea kazi.

Mfano mashuhuri unatoka katika elimu ya jeni. Jeni za binadamu hupewa alama fupi, na miongoni mwake zilikuwamo SEPT2 na MARCH1. Programu ya lahajedwali ya Excel ilizisoma alama hizo kuwa tarehe, ikaandika 2 Septemba na 1 Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika takriban sehemu moja kwa tano ya makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilitangaza kuwa alama hizo zimebadilishwa, zikawa SEPTIN2 na MARCHF1. Wataalamu waliona ni rahisi zaidi kuyabadili majina kuliko kuwabadili watumiaji wa lahajedwali.

Majina ya watu

Hifadhidata nyingi zilizobuniwa Ulaya na Marekani huwa na nyuga mbili, jina la kwanza na jina la ukoo, na huchukulia kwamba la pili ni la familia nzima. Desturi iliyoenea Tanzania na katika pwani yote ni nyingine: mtu hutaja jina lake, la baba yake, kisha la babu yake. Tuchukue mtu wa mfano, Asha Juma Hamisi. Baba yake ni Juma Hamisi Bakari. Ukiliweka neno la mwisho katika uga wa jina la ukoo, Asha atakuwa wa ukoo wa Hamisi na baba yake wa ukoo wa Bakari. Hospitali itakayotafuta jamaa wa mgonjwa kwa kutumia uga huo itamkosa baba aliyeketi mlangoni, na huenda ikamleta mtu asiyehusika kwa kuwa tu babu zao waliitwa jina moja.

Kuligawa jina kwa kufuata nafasi iliyo kati ya maneno nako kuna hatari zake. Salim bin Said atapata jina la kati “bin”. Mwana Hawa, aliyeandikwa kwa maneno mawili, atageuka kuwa Mwana, binti wa Hawa. Aliyeandikwa majina mawili katika rejista ya shule na matatu katika kitambulisho atahesabiwa kuwa watu wawili.

Ushauri wetu ni kuwa na uga mmoja wa jina kamili kama lilivyoandikwa na mwenyewe, usioguswa na programu yoyote. Nyuga za jina lake, la baba na la babu ziongezwe iwapo kuna kazi inayozihitaji, zijazwe kutoka katika chanzo kilichozitenganisha tangu mwanzo, na vichwa vyake viseme hivyo hivyo: “jina la baba”, wala si “jina la kati”.

Saa, siku na miezi

Hakuna mahali ambapo Kiswahili na hifadhidata hupishana zaidi ya hapa, na pengine hakuna panaposahauliwa zaidi, kwa sababu Mswahili hugeuza saa kichwani bila hata kujihisi akifanya hivyo.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00, na saa 8 usiku ni 02:00. Tofauti ni saa sita daima, lakini tarakimu peke yake haitoshi kuonyesha zijumlishwe kwa kuanzia nusu ipi ya siku. Neno linalofuata, yaani asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, ni sehemu ya saa yenyewe. Daftari lenye uga wa “saa” na uga wa “wakati”, likihamishiwa katika hifadhidata yenye uga mmoja wa saa, na uga wa wakati ukaachwa kwa kudhaniwa ni maelezo ya ziada, limepoteza kitu kisichoweza kurejeshwa. Saa 11 itakuwa 05:00 au 17:00, na hakuna atakayejua. Mtoto aliyezaliwa saa 2 asubuhi ataandikiwa 02:00, na dawa iliyotolewa saa 2 usiku itaonekana kutolewa saa kumi na nane kabla ya wakati wake.

Hatari huzidi pale waandishi wa daftari moja walipokuwa wawili. Mmoja huandika anavyosema, “2:00”. Mwenziwe huandika saa yake ya mkononi inavyoonyesha, “8:00”, na wote wawili wamekusudia wakati mmoja. Katika hali hiyo hakuna kanuni ya kugeuza itakayofaa kwa uga mzima. Mhamishaji atafute ushahidi mwingine ndani ya rekodi: mwandiko, zamu, saa ya kufunguliwa kwa ofisi, tukio lililotangulia. Rekodi zisizo na ushahidi ziingie zikiwa na matini yake ya asili na uga wa saa ukiwa mtupu. Uga mtupu humlazimu msomaji kuuliza. Saa ya kubuni humzuia asiulize.

Tarehe ya usiku nayo ina yake. Anayesema “usiku wa kuamkia tarehe 5, saa 8” amefafanua barabara: ni saa 02:00 ya tarehe 5. Anayesema “usiku wa tarehe 4, saa 8” aghalabu anakusudia usiku ule ule, ulioanza jioni ya tarehe 4, ilhali kompyuta itaandika 02:00 ya tarehe 4, usiku uliotangulia. Wapo pia wanaofuata hesabu ya Kiislamu, ambamo usiku hutangulia mchana wake. Kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata machweo ya Alhamisi. Ni vyema kumuuliza aliyeandika.

Kuhusu siku za wiki, majina yenyewe yana nambari ndani yake. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, hadi Jumatano ya tano. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 huanza kuhesabu kwa Jumatatu, na kitendo cha kawaida cha Excel huanza kwa Jumapili. Kwa hiyo uga wenye “siku: 3” ni Jumatatu kwa anayefuata jina la Kiswahili, Jumanne kwa Excel, na Jumatano kwa ISO. Zahanati yenye kliniki ya wajawazito “kila siku ya 3” ingeweza kuwaita kina mama siku tatu tofauti. Siku iandikwe kwa jina lake.

Miezi ina mtego mmoja tu wa kutajwa. “Mwezi wa tatu” ni Machi. “Mfungo tatu” ni mwezi wa Dhulhija katika kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa mifungo huhesabiwa tangu mwezi unaofuata Ramadhani. Nyaraka za zamani za Zanzibar na za pwani zina tarehe za kalenda zote mbili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Uga wa kalenda ni wa lazima kando ya uga wa tarehe.

Rekodi za kamusi

Wasomaji wetu wengi huhamisha orodha za maneno, na humo mna matatizo ambayo vitabu vya jumla vya kompyuta havitayataja.

La kwanza ni *ngeli*. Orodha moja hutumia nambari za wanaisimu wa Kibantu, ambazo hufuata umbo la nomino: 1/2, 7/8, 9/10. Orodha nyingine hutumia upatanisho wa kisarufi: A-WA, KI-VI, I-ZI. Safu zote mbili hupewa kichwa kile kile, “ngeli”, na mashine huzioanisha kwa furaha. Mhamishaji mwangalifu zaidi hutengeneza kanuni ya kugeuza: 7/8 iwe KI-VI, 9/10 iwe I-ZI. Kanuni hiyo itafanya kazi kwa kiti na kwa nyumba, kisha itaanguka kwa kiboko. Kiboko wa mtoni ana umbo la 7/8 lakini twasema “kiboko mkubwa amezama”; upatanisho wake ni A-WA. Kiboko cha kuchapia kina umbo lilo hilo na twasema “kiboko kimekatika”. Upatanisho wake ni KI-VI. Mbwa, kipofu na kinyozi wote wataharibika kwa njia hiyo hiyo, na mwanafunzi wa lugha atakayetegemea hifadhidata hiyo atafundishwa “kinyozi kimekuja”. Umbo na upatanisho ni habari mbili, na zinahitaji nyuga mbili.

Kiboko hutufunza jambo la pili: kidahizo hakifai kuwa ufunguo wa rekodi. Hifadhidata iliyoambiwa kwamba neno ndilo kitambulisho, ikimkuta kiboko wa pili, ama itamkataa ama itamfuta wa kwanza. Paa la nyumba litafutwa na paa wa porini. Kamusi zilizochapishwa hutofautisha maneno hayo kwa nambari ndogo ya juu. Faili likigeuzwa kuwa matini tupu, nambari hiyo hushuka na kushikamana na neno, tukapata “paa1”. Kila rekodi ipewe nambari yake isiyo na maana yoyote, na nambari ya homonimu iwe na uga wake.

La tatu ni mpangilio wa chanzo. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, huweka maneno mengi yatokanayo na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, huviorodhesha vidahizo kwa alfabeti. Muundo wa kwanza una habari ambayo wa pili hauonyeshi: kwamba mpishi ametokana na pika. Anayeyahamisha maneno kutoka muundo wa kwanza kwenda wa pili bila uga wa “shina” huwa ameufuta uhusiano huo, ingawa hakuna neno hata moja lililopotea katika hesabu.

Kisha kuna alama ndogo ndogo. Ritifaa ya ng’ombe huandikwa na kompyuta kwa namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, nazo kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Atakayetafuta kwa moja hataipata iliyohifadhiwa kwa nyingine, na orodha mbili zikiunganishwa utakuwa na ng’ombe wawili. Isitoshe, ritifaa iliyonyooka ndiyo alama inayofunga matini katika lugha ya SQL, hivyo programu iliyoandikwa kwa uzembe itaona neno limekwisha baada ya *ng*. Ritifaa iliyopinda nayo hugeuka kuwa “â€™” pale faili lililoandikwa kwa UTF-8 linaposomwa kwa mfumo mwingine wa herufi. Kwa kuwa Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina herufi nyingine zenye alama, faili lililosomwa vibaya laweza kuonekana safi kwa kurasa nyingi mpaka ifikiwe ng’ombe ya kwanza, au uga wa asili ya neno wenye maandishi ya Kiarabu. Chagua ritifaa moja, geuza zote ziwe hiyo kabla ya kuhamisha, na fungua faili kwa kutazama hapo kwanza.

Vivumishi huandikwa na kistari mwanzoni: -zuri, -ema, -refu. Lahajedwali huona kistari hicho kuwa alama ya kutoa, hudhani ni kanuni ya hesabu, na huandika ujumbe wa kosa mahali pa neno. Kiunganishi *na*, kikiandikwa kwa herufi kubwa, hupotea kabisa katika maktaba ya pandas ya lugha ya Python, ambayo kwa kawaida yake huisoma “NA” kuwa “hakuna data”. Namibia, ambayo msimbo wake wa nchi ni NA, hupatwa na mkasa huo huo. Dawa ya yote haya ni moja: kuiambia programu mapema kwamba safu zote ni matini, na kuyageuza kuwa nambari au tarehe yale tu yaliyo nambari au tarehe. Namba ya simu si nambari ya hesabu. Ikihesabiwa hivyo sifuri ya mbele huanguka, na 07 huwa 7.

Karatasi ya uoanishaji

Kabla ya kubofya chochote, andika jedwali dogo. Kwa kila uga taja jina lake katika chanzo, jina lake mwishilio, na sentensi moja kamili inayoeleza kilichomo. Sentensi hiyo ndiyo yenye thamani. “Tarehe” si maelezo. “Tarehe ambayo mgonjwa alifika zahanati, siku/mwezi/mwaka, imeandikwa na karani” ni maelezo. Ukishindwa kuiandika, bado huujui uga huo, na aliyeutunga atafutwe akiwa bado yupo. Ongeza kinachofanyika uga ukiwa mtupu, kwa sababu mtupu, sifuri, “hakuna” na “haijulikani” ni majibu manne. Mama mwenye watoto 0 ameulizwa akajibu. Mwenye uga mtupu huenda hakuulizwa.

Majaribio yasifanywe kwa rekodi kumi za mwanzo, ambazo kwa kawaida ndizo nadhifu kuliko zote. Zichaguliwe zile korofi: jina refu kuliko yote, mtu mwenye jina moja, saa 8 usiku, neno lenye ritifaa, maelezo yenye mkato ndani yake, kiboko wote wawili. Zikipita hizo, zilizobaki zina matumaini.

Baada ya kuhamisha, hesabu. Mwaka 2020 nchini Uingereza visa 15,841 vya maambukizi ya korona viliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel lilikuwa limejaa. Muundo huo hauchukui zaidi ya safu mlalo 65,536, na waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Kulinganisha idadi ya rekodi zilizotoka na zilizoingia huchukua dakika moja. Hesabu pia ndani ya nyuga: ni ngapi tupu kabla na baada, tarehe ya mapema kuliko zote ni ipi, ni watoto wangapi waliozaliwa kati ya 00:00 na 06:00. Wakiwa wengi kupita kiasi, rudi kwenye uga wa saa.

Faili la asili lisifutwe wala kurekebishwa, na kila rekodi mpya ibebe nambari ya mstari ilikotoka, ili anayetilia shaka saa au ngeli aweze kwenda moja kwa moja penye mwandiko wa kwanza.